Mchoro Ukitoka Kasongo, Nini Kirudi?

Mazungumzo ya leo yanahusu mabadilishano ya michoro kati ya watoto wa nchi mbalimbali. Mtoto wa hapa anachora maisha yake, mchoro unavuka mpaka, kisha mtoto wa nchi nyingine anachora ya kwao na kuyaleta huku. Kazi hiyo ina safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Maneno hayo, safari mbili, yatasikika tena na tena katika kipindi hiki, kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa upesi kuliko yote.

Mahali patakapotazamwa ni Maniema ya kusini, yaani Kasongo na Kabambare, mashariki ya Kongo. Lakini kabla ya kufika huko, yafaa kuuliza: jambo hili la watoto kutumiana kazi za mikono lilianza vipi?

Mmoja wa waanzilishi wake ni Célestin Freinet, mwalimu wa shule ya msingi kusini mwa Ufaransa. Alijeruhiwa mapafu katika Vita Vikuu vya Kwanza, na tangu hapo kuzungumza kwa muda mrefu darasani kulimchosha. Mwalimu asiye na pumzi ya kuhutubia afanye nini? Freinet aliwaachia watoto waseme wao. Mwaka 1924 aliingiza mashine ndogo ya kuchapa katika darasa lake kijijini Bar-sur-Loup. Watoto wakapanga herufi kwa vidole vyao, wakachapa habari za nyumbani kwao na kuzipamba kwa picha. Karatasi hizo hazikuishia kabatini. Zilitumwa kwa darasa la mwalimu René Daniel huko Trégunc, Brittany, pwani ya upande mwingine kabisa wa nchi. Watoto wa milimani wakasoma habari za wavuvi, na watoto wa wavuvi wakasoma habari za milimani.

Msikilizaji azingatie jambo moja hapo. Darasa la Freinet lilijua kuwa kuna darasa lingine linalosubiri. Mtoto hakuchora ili apewe alama. Alichora ili mwenzake aelewe. Akikosea umbo la ng'ombe, mwenzake angeuliza. Akisahau kueleza jambo, barua ya pili ingemkumbusha. Hizo ndizo safari mbili.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, michoro ya watoto ilianza kuvuka mipaka ya mataifa kwa wingi zaidi. Mwaka 1949 shirika la UNICEF, lililokuwa na umri wa miaka mitatu tu, lilitoa kadi yake ya kwanza. Picha iliyokuwa kwenye kadi hiyo ilichorwa na Jitka Samková, msichana wa miaka 7 kutoka kijiji kimoja cha Czechoslovakia kilichokuwa kimepata msaada wa shirika hilo. Alichora watoto wakicheza kuzunguka mti wa sherehe, jua likiwaka juu yao. Shuleni kwake hapakuwa na karatasi, hivyo aliichora juu ya kioo. Mwalimu wa Kabambare anayesikia habari hii atatabasamu kidogo, maana anajua kufundisha bila karatasi ni nini.

Mfano ulio mzito zaidi unatoka Japani, na unastahili kusimuliwa polepole.

Katika mji wa Hiroshima kulikuwa na shule ya msingi iitwayo Honkawa, mita mia chache tu kutoka mahali bomu la atomiki lilipolipukia tarehe 6 Agosti 1945. Watoto takribani 400 wa shule hiyo walikufa. Likabaki gofu la saruji lisilo na madirisha, na masomo yakaanza tena ndani ya gofu hilo. Mjini Washington, Marekani, kulikuwa na kanisa la Waunitariani liitwalo All Souls. Mchungaji wake, A. Powell Davies, aliudhika alipoona picha ya maofisa wa jeshi la majini wakikata keki iliyotengenezwa kwa umbo la wingu la bomu, akalihubiri jambo hilo kwa ukali. Kutokana na mahubiri yale, watoto wa kanisa walianza kukusanya penseli, karatasi, rangi na vifaa vingine vya shule, karibu nusu tani, vikapelekwa Hiroshima mwaka 1947.

Je, watoto wa Honkawa walifanya nini? Walizitumia rangi zile zile kuchora picha za shukrani, wakazituma Washington mwaka 1948. Na walichora nini, wao walioishi katikati ya majivu? Walichora miti ya maua, michezo uwanjani, mashua, wasichana waliovaa nguo za sikukuu. Michoro hiyo ilioneshwa sehemu mbalimbali za Marekani, kisha ikahifadhiwa kanisani na kusahauliwa kwa miaka mingi. Ilipopatikana tena, ikakarabatiwa, na mwaka 2010 ikapelekwa Hiroshima, ndani ya shule ile ile. Baadhi ya waliochora walikuwa hai bado, wazee sasa, wakasimama mbele ya kazi za utoto wao.

Safari ya kwenda, safari ya kurudi, na baada ya miaka zaidi ya 60 safari ya tatu. Ndiyo sababu habari ya Honkawa bado inasimuliwa, wakati maonyesho mengi ya michoro ya watoto yamesahaulika wiki moja baada ya kufungwa.

Sasa, wasikilizaji, Maniema. Kasongo uko mashariki ya Mto Lualaba, na Kabambare uko mashariki zaidi, kwenye njia ya kwenda Ziwa Tanganyika. Kasongo kuna Wakusu, Wazimba na wengine, Kabambare ni nchi ya Wabangubangu, na wote wanakutana katika Kiswahili. Kiswahili hicho hakikuletwa na shule. Kilikuja kwa miguu, pamoja na misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa misafara maarufu kama Tippu Tip, alifanya Kasongo makao yake. Majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipouteka mji huo mwezi Aprili 1893, yakiongozwa na Francis Dhanis, yalikuta mji mkubwa wenye mashamba ya mpunga na bustani za machungwa. Mpunga unalimwa hadi leo.

Kwa hiyo Kasongo ulikuwa katika mabadilishano ya kimataifa kabla ya mtu yeyote wa sasa kuzaliwa. Shida ni namna mabadilishano yale yalivyokwenda. Kutoka pwani ilikuja merikani, kitambaa kilichofumwa viwandani Marekani, zikaja shanga na bunduki. Kutoka huku zilitoka pembe za ndovu, na wakatoka watu wenyewe, wamefungwa shingo. Mwaka 1871 mmishonari na msafiri David Livingstone alishuhudia sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai, wanawake waliokuja kuuza na kununua wakipigwa risasi na watu wa misafara. Wengi walizama mtoni. Baada ya misafara ukaja utawala wa Leopold, kisha wa Ubelgiji, nao ukachukua vya kwake. Dhahabu ya Namoya, upande wa Salamabila katika Kabambare, imechimbwa kwa vizazi. Mzigo umetoka, na barabara ya Kabambare bado inageuka tope kila masika.

Hata sanaa ilitoka hivyo hivyo. Kaskazini mwa Kasongo, Pangi na kuvuka hadi Shabunda, Walega walikuwa na chama cha bwami, ambacho kila ngazi yake ilikuwa na vitu vyake: sanamu ndogo za pembe, vinyago vya mbao vilivyopakwa udongo mweupe, vyote vikifundishiwa methali na maadili. Daniel Biebuyck, mtaalamu kutoka Ubelgiji aliyewatafiti Walega katika miaka ya 1950, alionesha katika kitabu chake cha 1973 kwamba kitu kimoja kingeweza kubeba methali nyingi, na kwamba hakikueleweka bila maneno yaliyosemwa pamoja nacho. Leo vitu hivyo vimo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na ya Los Angeles, vimewekewa taa nzuri. Maneno yake hayakusafiri. Mtoto wa Maniema anayetaka kuviona anahitaji pasipoti.

Kwa nini haya yote yatajwe katika mazungumzo kuhusu michoro ya watoto? Kwa sababu yeyote anayekwenda Kasongo au Kabambare kukusanya michoro anatembea katika njia hiyo ya zamani, apende asipende. Akichukua karatasi 50, akazionesha katika ukumbi wa Ulaya, watu wakapiga makofi, na darasa lililochora lisisikie neno, basi ameongeza kitu kimoja katika orodha ya vilivyotoka Maniema bila kurudi. Kupokea mchoro wa mtoto na kunyamaza ni sawa na kusikia hodi mlangoni ukajifanya umelala.

Tuiachie hapo historia. Swali linalofuata ni hili: mtoto wa huku ana nini cha kuonesha?

Ana mengi kuliko anavyodhani. Mgeni akiwaambia watoto wachore maisha yao, mara nyingi wa kwanza watachora bendera, ndege na nyumba ya ghorofa, vitu walivyoviona kwenye vitabu. Hilo ni la kawaida duniani kote. Mwalimu mwenye subira huuliza maswali madogo. Leo asubuhi nani alichota maji? Alipitia wapi? Kinga ya baba, yaani baiskeli yake, ilibeba nini kwenda sokoni? Mpunga unaanikwa juu ya nini? Sombe, majani ya muhogo, inatwangwa na nani, na nani anasubiri pembeni? Hapo ndipo picha zinapoanza kujaa. Mtoto wa kando ya Lualaba anachora mtumbwi na samaki. Mtoto wa Kabambare anachora mama akikamua mawese, au kaka yake akirudi kutoka kwenye mashimo ya dhahabu na koleo begani. Hayo ndiyo mtoto wa Oslo au wa Mombasa hawezi kuyabuni.

Mtaalamu Mfaransa Georges-Henri Luquet, katika kitabu chake cha 1927 kuhusu michoro ya watoto, aliandika kuwa mtoto mdogo huchora anachokijua kuliko kile jicho linachokiona. Ndiyo maana huchora nyumba na ukuta wake, na bado chungu kilicho ndani kinaonekana, na mtoto mchanga aliyelala mkekani anaonekana. Mtu mzima husema hilo ni kosa. Katika mabadilishano ni faida kubwa: kamera ya mgeni huishia kwenye ukuta wa udongo, lakini penseli ya mtoto inaingia ndani na kumwonesha mwenzake wa mbali nani analala wapi na nini kinapikwa. Mwalimu asikimbilie kusahihisha ukuta huo.

Jambo jingine la kuangaliwa ni dini. Maniema ina Waislamu wengi kuliko sehemu nyingi za Kongo, na Kasongo ni kitovu chao cha zamani. Zipo familia ambazo hazipendi watoto wachore nyuso za watu na wanyama. Je, mtoto huyo aachwe nje? Hapana. Mtoto anayesoma chuo cha Kurani anajua kuandika kwenye ubao kwa wino na kalamu ya mti, anajua mistari na nakshi, na nyumbani anaona ukili ukisukwa kwa rangi. Ukurasa wa nakshi unasema mengi kuhusu maisha yake, na pengine utamshangaza mpokeaji kuliko picha ya kumi ya simba.

Na vifaa? Tangu serikali itangaze elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na kaye moja, yaani daftari, humtosheleza mtoto kwa shida kwa ajili ya hesabu na Kifaransa. Rangi za dukani ni anasa. Lakini mkaa upo jikoni. Udongo mwekundu upo barabarani, mweupe upo mtoni, manjano yapo sokoni, na ukichanganya na maji ya wanga wa muhogo vinashika karatasi. Huko huko Maniema, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Alikaa miezi mingi Bambarre, ambayo ndiyo Kabambare, vidonda vya miguu vikimzuia kwenda mbele. Shajara yake ya mwaka 1871 aliiandika juu ya gazeti kuukuu la London, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mmea wa huko. Maandishi yakafifia kiasi cha kutosomeka, na katika karne hii wataalamu wamelazimika kutumia kamera maalumu za mwanga wa rangi nyingi ili kuyasoma. Kwa hiyo gazeti kuukuu na wino wa majani si aibu. Ni vifaa vyenye historia katika tarafa hizi.

Njia nyingine ni kutumia kitambaa badala ya karatasi. Mwaka 1995 ulianza Japani mradi wa Kids' Guernica, ambao watoto wa mahali pamoja huchora kwa pamoja kitambaa kikubwa cha mita 3.5 kwa 7.8, sawa na mchoro maarufu wa Picasso kuhusu mji uliopigwa mabomu. Darasa zima linapanda juu ya kitambaa kimoja. Kwa shule yenye watoto 80 katika chumba kimoja, mpango huo una maana zaidi kuliko kugombania penseli sita za rangi.

Wasikilizaji, sasa linakuja jambo gumu. Watoto wa Kasongo na Kabambare wameona vita. Wazee wao waliona uasi wa 1964, wazazi waliona vita vya 1996 na 1998, na upande wa Salamabila na Wamaza watoto wa leo wameona vijiji vikihama kwa sababu ya wenye silaha. Je, mtoto aombwe kuchora hayo?

Mwaka 2005 watafiti wa Human Rights Watch walikuwa Chad, kwenye kambi za wakimbizi wa Darfur. Walipokuwa wakizungumza na wazazi, waliwapa watoto karatasi na rangi ili watulie. Hakuna aliyewaambia wachore nini. Watoto wakachora ndege zikitupa mabomu, watu wenye bunduki juu ya farasi na ngamia, nyumba zikiwaka. Mwaka 2007 shirika la Uingereza, Waging Peace, lilikusanya mamia ya michoro ya namna hiyo, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikakubali kuipokea kama ushahidi wa kueleza mazingira ya uhalifu. Kazi hiyo ilikuwa na haki yake na uzito wake. Lakini huo ni ushahidi, na ushahidi una safari moja, kutoka kwa shahidi kwenda kwa hakimu. Mabadilishano ni kitu kingine.

Kanuni inayofaa ni fupi: mtoto asidaiwe vita, na asikatazwe. Akichora bunduki mwenyewe, mchoro wake uheshimiwe, mtu mzima anayemfahamu akae naye, na swali la kama picha hiyo itumwe liulizwe kwake na kwa wazazi wake. Asipochora bunduki, asiambiwe kwamba maisha yake hayajakamilika. Watoto wa Honkawa walichora maua, na hakuna aliyewaambia wanadanganya. Kuna wafadhili wanaopendelea picha ya moto kuliko picha ya mpunga kwa sababu moto unachangisha fedha. Mwalimu akikutana na mfadhili wa aina hiyo, amkatalie kwa adabu.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi hii iliuridhia mwaka 1990 ikiitwa Zaire, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mtoto ana haki ya kueleza mawazo yake, na unataja sanaa kuwa mojawapo ya njia hizo. Kifungu cha 31 kinampa haki ya kushiriki katika utamaduni na sanaa. Haki ya kueleza ina upande wake wa pili, kunyamaza. Na katika eneo lenye wenye silaha, kunyamaza kunahusu hata jina. Mchoro uende na jina la kwanza tu, au jina la utani, na umri. Jina la kijiji, picha ya uso, jina la baba, hayo hayana kazi yoyote katika mchoro.

Halafu, mchoro unasafirije? Barabara ya Kitaifa namba 2, inayotoka Bukavu kuja Kasongo, inaandikwa kwenye ramani kwa mstari mnene kuliko inavyostahili. Posta ya Kongo imedhoofika kwa miongo mingi. Bahasha ikitoka Kabambare leo hupanda pikipiki, pengine mtumbwi, hadi Kasongo, kisha Kindu, zaidi ya kilomita 200 kaskazini, ndipo ipate ndege. Kwa hiyo wengi watapiga picha ya mchoro kwa simu na kuituma mtandao unapokubali. Simu inatosha kuanzia. Hata hivyo, karatasi yenyewe ikipata msafiri mwaminifu, ipelekwe. Alama ya kidole cha mtoto kwenye udongo mwekundu haionekani kwenye kioo cha simu.

Pamoja na mchoro yaende maneno. Lile alilolieleza Biebuyck kuhusu Walega, kwamba kitu hakikamiliki bila usemi wake, linafaa hapa kabisa. Mtoto aseme sentensi mbili au tatu kuhusu alichochora, mwalimu aandike kama zilivyosemwa, bila kuzipamba. Asiyejua kuandika bado arekodiwe sauti.

Aseme kwa lugha gani? Hapa ndipo penye faida ambayo Maniema inayo na wengi hawaitumii. Neno mabadilishano ya kimataifa likitajwa, fikra hukimbilia Brussels, Paris au New York. Huko lazima awepo mkalimani, na mkalimani huchelewesha jibu, na jibu likichelewa mtoto ameshapanda darasa. Lakini watoto wa Ujiji wanazungumza Kiswahili. Wa Tabora, wa Bagamoyo, wa Mombasa, wa Buyenzi mjini Bujumbura, vivyo hivyo. Mtoto wa Kasongo, anayefundishwa kwa Kiswahili katika madarasa ya kwanza, anaweza kumwandikia mwenzake wa Ujiji bila mtu katikati. Watachekana kidogo kuhusu maneno, ndiyo. Mmoja atasema baiskeli, mwingine kinga. Wataelewana.

Tena hao si wageni kabisa. Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Dar es Salaam wapo watu wanaoitwa Wamanyema, wajukuu na vitukuu wa waliotoka huku kwa misafara, wengine kwa hiari na wengi kwa nguvu. Kariakoo kuna msikiti unaobeba jina la Manyema. Upande wa Kasulu, kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 imelea kizazi kizima cha watoto wa Kikongo, wengi wakiwa na asili ya nchi iliyo kati ya Kabambare na ziwa. Mtoto wa Nyarugusu anayeambiwa kila siku kuhusu kijiji ambacho hajawahi kukiona angependa kupokea nini kutoka Kabambare, kama si mchoro wa kijiji hicho uliofanywa na mtoto wa rika lake? Na tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakuu wamekwisha kutia saini. Shule hazihitaji kusubiri saini nyingine.

Hilo halina maana kwamba milango ya Ulaya na Marekani ifungwe. Darasa la Brussels lina sababu yake ya kuitafuta Kasongo, hasa likiwa karibu na Tervuren, na watoto wake wanaweza kwenda makumbusho siku ya mapumziko, wakachora kwa uangalifu kinyago kimoja cha Kilega na kukituma Pangi au Kasongo, ambako wapo wazee wanaoweza kusema methali yake. Mabadilishano ya namna hiyo yangerudisha kitu, ingawa ni karatasi. Ila kwa shule inayoanza, jirani anayesoma lugha yako ni mwenzi bora kuliko tajiri anayehitaji mkalimani.

Kwa ufupi wa vitendo, wasikilizaji, darasa linaloanza litafute darasa moja tu la upande wa pili, si kumi. Mwalimu na mwalimu wazungumze kwanza kwa simu wakubaliane tarehe. Michoro michache ya kwanza itumwe na upande wenye nafuu zaidi, ili watoto wa Kasongo wasiwe wao wa kujieleza kila mara kwa watu wasiowajua. Kila mtoto aliyetuma apate jibu lililoandikwa kwa jina lake, hata likiwa mstari mmoja: nimeona mbuzi wako, kwa nini ana kamba mguuni? Swali la namna hiyo lina thamani kuliko cheti. Na michoro iliyopokelewa ibandikwe ukutani mwa darasa, mahali wazazi watakapoiona wanapokuja kuuliza au kulalamika, kwa sababu mzazi akiona kazi ya mtoto wa Ujiji ukutani, ataelewa mwanawe hakupoteza muda wa masomo kwa kuchezea mkaa.

Walimu na madirekta wa Kasongo, Kabambare, Wamaza na Samba wanaosikiliza, na ninyi wa Kigoma, Tabora na Bagamoyo ambao mawimbi haya yanawafikia: mkipata bahasha ya michoro kutoka upande wa pili, ijibuni kabla muhula haujafungwa.